Mpagazi wa Bi Siwazuri

Naapa kwa meno yangu niliyobakiwa nayo, na yaliyokwisha kung'oka nayo nayaingiza humo humo, kwamba haya ninayoyaeleza ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu. Atakayebisha asinibishie mimi. Apande treni mpaka Morogoro, ashuke, aulize ilipo Hospitali ya Saratani ya Mtakuja. Akiambiwa hakuna hospitali ya jina hilo, asirudi kunitukana. Atakuwa amewahi tu. Haijajengwa bado.

Lakini tuseme imekwisha jengwa, tusije tukasumbuana na nyakati. Ghorofa nne nyeupe, wodi ya wanawake inatazama milima ya Uluguru, na kwenye kitanda cha dirishani amelala Bi Siwazuri binti Kondo, Mzaramo wa Maneromango, mwenye saratani ya titi na mdomo usio na breki. Kila asubuhi baada ya uji, mpagazi wake aliingia.

"Hodi wodini!"

"Pita, ila njaa yako iache mlangoni."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, punda wangu. Umekula? Maana leo mzigo ni mzito, usije ukaniangukia hapa tukaanza kuhangaika na sanda. Nyinyi Wanyamwezi si mnazikwa ndani ya mizinga ya nyuki?"

Wodi nzima ikacheka, mpaka wale waliokuwa wametundikiwa dripu. Mihayo Kapela alicheka nao. Alikuwa mtu mzima wa Urambo, kifua kama kabati, masharubu meupe aliyoyachana kila asubuhi kabla ya kuchana nywele. Begani alining'iniza mbeleko mbili.

"Mzaramo, wewe nyamaza," alisema, akimzungushia mkanda wa kwanza taratibu. "Ukipewa jembe unaligeuza kutafuta ngozi ya kupigia ngoma. Unajua nini kuhusu mizigo? Babu yake babu yangu alibeba pembe moja kutoka Urambo mpaka Bagamoyo. Pembe yenyewe ilikuwa ndefu, bibi, ncha iliingia Bagamoyo asubuhi, yeye akafika jioni!"

"Tulimwona. Tukampa maji ya kunywa, akayaoga. Hakuwa ameyaona tangu azaliwe."

Kicheko kingine. Katikati ya kicheko hicho Mihayo akajifunga mkanda wa pili, akavuta pumzi, akashika ubavu wake wa kushoto kama mtu anayejiweka sawa, na kidole gumba chake kikabonyeza.

"Mama wee!" akapiga kelele, akajikunja. "Leo umeniwekea mawe, Mzaramo!"

Hakuwa amesikia hata mbu.

Mbeleko hizo zilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hata aliyezibuni huenda alilisahau. Ilikuwa mikanda mipana ya nyuzi za kijivu, laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Mmoja alifungwa mgonjwa, wa pili mpagazi, na ilijuana kama mapacha. Ule wa mgonjwa uliyadaka maumivu yakiwa njiani kwenye uti wa mgongo, kabla hayajafika kichwani, ukayarusha kwa mwenzake. Wataalamu walikuwa wamejaribu kuyadaka na kuyatupa tu, ikashindikana. Mishipa ya fahamu ilipoona ujumbe wake haujibiwi ilizidi kupiga kelele, mgonjwa akaumia maradufu. Ilitaka mwili hai upande wa pili, ushtuke, ujikunje, useme nimepokea. Kwa hiyo wakaajiri miili.

Mwanzoni waliobeba ni ndugu wa mgonjwa. Lakini daktari alitaka kujua jambo moja zaidi: yanauma wapi, na je, yamehama? Ndugu akiulizwa alilia, au alidanganya kwa huruma. Mgonjwa naye alibakiwa na makombo tu ya maumivu yake, na madaktari hawakuyaamini makombo. Mpagazi ndiye aliyeaminiwa. Alibeba, kisha akatoa kile walichokiita ramani: hapa panachoma, hapa panapwita, uzito wake kadha wa kadha. Wapagazi wenyewe walihesabu kwa frasila, kwa mzaha, kama wazee wa misafara, na mzaha ukageuka kipimo. Kwa ramani hiyo iliamuliwa nani aingie kwenye mionzi kwanza na nani asubiri.

Ubavuni mwa mpagazi palikuwa na kitufe cha kutua. Chama chao kilikipigania mpaka kwenye mgomo, baada ya mwenzao mmoja kusimama moyo akiwa amebeba. Ukikibonyeza, mzigo unarudi polepole kwa mwenyewe. Chama kilishinda na jambo la pili: kutua kusirekodiwe popote, na mtu asiulizwe kwa nini ametua. Taa ya kijani kwenye mkanda ilionyesha kwamba umefungwa. Haikuonyesha kwamba umebeba.

Miaka mingi Mihayo alibeba kwelikweli. Alikuwa na jina. Kisha akaletewa kijana wa Kilosa mwenye saratani ya mfupa wa paja, akafunga mkanda mbele ya wanafunzi wa udaktari waliokuja kujifunza, na mzigo ule ulipomfikia alijikojolea. Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi mmoja wa kike alivua koti lake jeupe akamfunika kiunoni, kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyommaliza. Tangu siku hiyo kila akifunga mkanda gumba lake lilitangulia kufika kitufeni. Mwanzo alitua kidogo. Halafu akagundua kwamba wagonjwa wake, wakisimuliwa habari za pembe na nyuki wa Urambo, walicheka wakasema wamepata nafuu. Basi akajiambia kicheko nacho ni dawa, yeye anatoa dawa. Akatua moja kwa moja. Jasho alilipata bombani, msalani, kabla ya kuingia wodini.

"Yustina mwanangu," Bi Siwazuri aliita asubuhi ile ile, vicheko vilipopungua. "Njoo hapa. Mgongo."

Sista Yustina, muuguzi wa zamu, alisogea na sinia lake la dawa. "Mgongo umefanyaje, bibi?"

"Unaniuma hapa katikati, kama mtu kapigilia kigingi. Na huyu hajabeba hata unyoya. Ananihadithia tu."

Yustina alimtazama Mihayo, maji yakimtiririka kwenye masharubu. Akaangua kicheko. "Bibi, nyinyi watani mtaniua! Babu wa watu analowa hivi, halafu unasema hajabeba?"

"Leo sitanii."

"Si ndivyo ulivyosema jana?"

Wodi ikacheka tena. Na kweli, jana alikuwa amesema hivyo hivyo. Na juzi.

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulikuwa umefika mpaka huko, mpaka kwenye enzi za magari yasiyo na dereva, bila kuchakaa. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ila siku akiita mwizi na mwizi yupo kweli, watu wanaendelea kucheka. Bi Siwazuri alikuwa amekwisha kusema ukweli wote aliokuwa nao, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na kila mara alipigiwa makofi.

Mihayo alicheka kuliko wote. Masikio yalimwaka moto, akashukuru kwamba masikio hayana masharubu ya kuyachana.

*

Siku iliyofuata Mihayo alimkuta Bi Siwazuri ukumbini, anatoka bafuni peke yake. Mkono mmoja alishika ukuta. Mguu wa kushoto ulikuwa unakokotwa nyuma yake kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

"Unacheza ngoma gani hiyo, Mzaramo?"

"Mguu umelala," alisema, bila kumtazama. "Sijui umelalia nini. Toka njiani, punda."

Alipita. Mihayo alibaki pale pale, mgongo wake umeegemea tangazo la kunawa mikono. Kwenye mafunzo walikuwa wameambiwa jambo hili mpaka wakachoka: mgonjwa wa saratani akianza kuumwa mgongo, chukueni tahadhari. Uvimbe unaweza kuwa umekaa kwenye pingili za mgongo unaubana uti. Maumivu hutangulia. Mguu hufuata. Ukiwahi, mionzi inaupunguza, mtu anatembea. Ukichelewa, basi. Na wanaoweza kuwahi ni nyinyi wapagazi, kwa sababu nyinyi ndio mnaoona maumivu yakihama.

Ramani zake zote za mwezi ule zilisema kwapa la kushoto.

Alasiri alikwenda wodini bila kelele za hodi. Bi Siwazuri alikuwa amesinzia, mkanda wake bado kiunoni. Mihayo alijifunga wa kwake, akatazama mlangoni kama mwizi wa kuku, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakubonyeza.

Yalimjia taratibu, kisha kwa pamoja. Kwapani hapakuwa na kitu. Yalikuwa katikati ya mabega, ndani, yamesimama wima kama msumari, na kutoka hapo yalizunguka mbavu pande zote mbili yakimbana kifua. Alihesabu pumzi moja. Gumba likabonyeza lenyewe.

Kitandani, Bi Siwazuri aliguna usingizini akakunja uso. Ule mzigo uliokuwa umemwondokea kwa pumzi moja ulikuwa umerudi.

Sasa alijua. Kinachofuata kilikuwa rahisi kuliko kuvaa ndala: atoke, amtafute daktari, aseme mgongo. Neno moja tu. Lakini daktari angeuliza: tangu lini? Na mzigo wa namna hii hauji kwa usiku mmoja. Angerudi kwenye ramani zilizopita, kwapa, kwapa, kwapa, na angeelewa. Mihayo aliketi kwenye chumba cha chai cha wapagazi, chapati imepoa mbele yake, akapanga. Kesho kwenye raundi angesema kwapa bado. Keshokutwa angesema limeshuka kidogo kuelekea nyuma. Halafu bega. Halafu mgongo. Angeyahamisha maumivu polepole, kama mtu anayesogeza kitanda alicholala mtoto, mpaka yafike yalipo bila yeyote kuamka.

Aliona ni mpango wa busara. Chapati hakuila.

*

Raundi iliongozwa na Daktari Aikande, binti wa Kichaga mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye wauguzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kuipandisha. Nyuma yake alifuata Sista Yustina na madaktari wanafunzi. Mihayo alisimama kando ya kitanda cha dirishani, mkanda kiunoni, taa ya kijani inawaka, uso umelowa vizuri.

"Kwenye mionzi leo nimebakiwa na nafasi moja," alisema daktari. "Nyingine mpaka Jumatatu. Mzee Mihayo, ramani."

"Kwapa la kushoto, daktari. Linapwita, linateremkia mkononi. Kama frasila mbili hivi."

"Mgongo?"

"Mgongo hamna kitu."

"Ila bibi analalamikia mgongo, daktari," Yustina aliongeza, huku anatabasamu. "Lakini hawa ni watani. Kila siku anamwambia babu hajabeba."

Daktari Aikande naye akatabasamu, tabasamu dogo kama sauti yake. "Basi tuangalie tena Jumatatu." Akageukia kitanda cha pili.

"Aikande."

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo pale, bila udaktari mbele. Alisimama.

"Rudi, mwanangu," alisema Bi Siwazuri. Alikuwa amejiinua, ameegemea kiwiko. "Mimi sina la kukwambia. Maneno yangu mmekwisha yafanya kicheko, na kosa ni langu pia, nimewachekesha mno. Ninataka haki yangu tu. Mnyamwezi, mtani akikukosea, kwenu mnafanyaje?"

Mihayo alijaribu kucheka. "Anatozwa faini, bibi."

"Faini anachagua nani?"

"Aliyekosewa."

"Na anaweza kukataa?"

"Hawezi."

"Basi nakutoza kitufe."

Wanafunzi wawili wakacheka. Bibi mmoja wa kitanda cha pembeni akasema, "Mtoze na masharubu!"

"Hicho cha ubavuni," Bi Siwazuri aliendelea, hakugeuka. "Kichomoe, unipe mimi nikishike. Kama unabeba, una shida nacho gani?"

Kitufe kilichomoka, ndiyo, kilikaa kwa pini, na kikitoka mzigo wote unapanda na hautuliki tena, lakini kwa sheria ni mpagazi mwenyewe tu aliyeruhusiwa kukigusa. Daktari Aikande akaikumbusha sheria hiyo, kwa upole. "Si lazima, mzee. Hakuna anayeweza kukulazimisha. Bibi, huo ni usalama wake."

Mlango wa kuponyoka ukawa wazi kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno la kuchekesha, lolote, hata habari ya ncha ya pembe, wodi ingelipuka, raundi ingesonga mbele. Neno lilikuwa limekwisha kaa ulimini. Akamtazama mtani wake ili alirushe.

Bi Siwazuri alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu. Machoni hapakuwa na utani hata chembe; palikuwa na mtu anayeomba, na anayeona aibu kuomba.

"Mihayo," alisema, kwa sauti ndogo. Tangu waonane hakuwahi kumwita kwa jina.

Akachomoa pini. Akaweka kitufe kwenye kiganja chake, na vidole vya bibi vikakifumba.

Wodi ilisubiri kucheka. Ilimwona akiwa amesimama, mkono kiunoni, tayari kwa ile "Mama wee" yake waliyoizoea. Haikuja. Mdomo ulifunguka ukabaki wazi bila sauti. Halafu akaporomoka, akashika ukingo wa kitanda, na mkono wake wa pili ukaenda nyuma, ukapapasa, ukang'ang'ania katikati ya mabega kama mtu aliyechomwa kisu anayetafuta mpini.

Hakushika kwapa. Kila mtu aliona alichokishika.

Daktari Aikande alikuwa amekwisha piga magoti pembeni yake. "Wapi? Niambie wapi."

"Mgongo." Ilimtoka vipande vipande. "Hapo... chini ya mkono wangu. Unazunguka. Unazunguka kifuani, kama kamba. Miguuni... kulia kunawaka."

"Kushoto?"

"Kushoto hakuna kitu, daktari."

Daktari alimwangalia Yustina. Hakupandisha sauti. "Sindano ya kupunguza uvimbe, sasa hivi. Machela. Piga simu mionzi, ile nafasi ni yake." Kisha akamrudia Mihayo, na hapo ndipo lilipokuja lile swali alilolikwepa kwa mipango yote ile.

"Tangu lini?"

Alijaribu kulitafuta jibu sakafuni. Marumaru zilikuwa nyeupe, zimepigwa deki vizuri.

"Sijui," alisema. "Sijui, daktari. Sikuwa nimebeba."

Sinia la Yustina liligonga kabati, vidonge vikamwagika, hakuviokota. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, mahali pale pale kicheko chake kilipokuwa kikitokea kila asubuhi. Yule bibi aliyesema masharubu alijifunika shuka mpaka kichwani. Wanafunzi walitazama viatu vyao. Na Daktari Aikande, aliyekuwa ametabasamu muda mfupi tu uliopita, akaonekana kama msichana aliyekamatwa na mwalimu.

"Nilisema," alisema Bi Siwazuri, wakati wanamhamishia kwenye machela. Hakumwambia mtu mmoja. "Mimi si nilisema?"

*

Mihayo alibeba njia nzima. Alitembea nyuma ya machela ameinama, na alipozuiwa kwenye mlango mzito wa mionzi alikaa chini ukumbini, mgongo ukutani, akaendelea kubeba kupitia ukuta. Watu walipita. Mfagiaji alimwuliza, "Mzee Mihayo, leo hakuna hadithi?" Alitikisa kichwa. Hadithi zinataka pumzi, na pumzi zote zilikuwa na kazi. Ndani, Yustina alikuja kumwambia baadaye, bibi alilala fofofo juu ya meza ya mashine kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, hata wakahofu. Mihayo alisikia hivyo akalia. Ingekuwa bora kama angelia kwa maumivu. Alilia kwa sababu alifahamu sasa usingizi wa mtu yule ulikuwa na bei gani, na kwamba siku zote alikuwa nao mfukoni.

Hakufukuzwa kazi. Uongozi ulitaka, chama kikasimama: kutua hakuulizwi, ndivyo mkataba unavyosema, na mkataba ni wa wapagazi wote. Walimtetea kwa nguvu, kwa barua na kwa vikao, na waliporudi chumba cha chai walihamisha vikombe vyao meza nyingine. Wagonjwa wake wote wakapimwa upya, mmoja mmoja. Ilibidi yeye mwenyewe apite kila kitanda pamoja na daktari na kusema, mbele ya mgonjwa: huyu naye sikumbeba. Wengine walimtukana. Mama mmoja wa Ifakara alimwambia, "Hata hivyo zile hadithi zilinisaidia, baba," na hilo lilimshinda kuliko matusi.

Bi Siwazuri alirudi kwenye kitanda cha dirishani. Uvimbe ulisinyaa. Mguu wa kulia ulipata nguvu, mgongo ukatulia. Asubuhi moja baada ya uji Mihayo alifika mlangoni na mbeleko mbili begani, akabisha hodi ya chini chini.

"Pita," alisema bibi. Hakumwambia aache kitu mlangoni.

Alimfunga mkanda, akajifunga na yeye. Ubavuni kwake palikuwa na tundu tupu. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri: hakunywa chai, alivaa suruali nyeusi, alikuwa tayari kujikojolea mbele ya Morogoro nzima ikibidi. Akafumba macho akasubiri.

Mgongoni mwake palikuja kitu kidogo, kama mkono wa mtu anayekuomba upishe njia. Kulia, mchonyoto. Akasubiri kushoto. Akasubiri zaidi. Akagusa mkanda kuona kama umefunga sawasawa, akautazama mguu wa bibi uliolala juu ya shuka, umevimba kidogo kwa kutotumika, kisha akamtazama Daktari Aikande aliyekuwa kitanda cha jirani.

"Daktari, mkanda umeharibika. Kushoto hakuna mzigo."

Daktari alikuja, akaupapasa mguu, akauchoma kidogo kwa ncha ya pini. Bi Siwazuri alikuwa anaangalia milima.

"Mkanda ni mzima," alisema daktari. "Mshipa ndio umekufa. Maumivu yanabebeka, mzee. Ganzi haibebeki."

Kwa hiyo ulikuwa mwepesi. Ule mguu aliokuja kuulipia ulikuwa mwepesi kuliko kitu chochote alichowahi kubeba maishani, na hakuna mahali pa kuushika ili uwe mzito. Alisimama nao, mikono imening'inia, jitu zima la kifua kama kabati.

"Vua huo mkanda," alisema Bi Siwazuri. "Kampe mwenye maumivu. Ulidhani faini yangu imekwisha?"

"Sema, bibi."

"Piga magoti."

Alipiga. Wodi nzima iliwatazama, Mnyamwezi na masharubu yake sakafuni mbele ya Mzaramo, kitu ambacho zamani kingewavunja mbavu. Hakuna aliyecheka.

Chini ya kitanda palikuwa na kiatu kipya kutoka karakana ya hospitali, kirefu, chenye vyuma pembeni vya kuushikilia mguu usiojiweza. Bibi alikielekeza kwa kidevu. Mihayo aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauelekeza kwenye kiatu, akasukuma. Bi Siwazuri alishika magongo yake, akajiweka tayari kusimama, na hakutazama chini.

"Mimi sisikii chochote huko," alisema. "Wewe ndiye utakayeniambia. Leo, na kesho, na kila siku nitakayotaka kusimama. Kimeingia?"

Kisigino kilikuwa kimekwama juu, kidole gumba kimejikunja vibaya. Kwa aliyesimama kilionekana kimeingia. Angeweza kusema ndiyo.

"Bado, bibi," alisema Mihayo.

Akakivua, akakunjua vidole vya bibi kimoja kimoja, akaanza upya.